Mwasisi wa Sita Alikuwa Mchochea Tanuri

Jumatatu, 8 Novemba 1954

Nimekwisha. Naandika kwa penseli ya kuhesabia magunia ya makaa.

Asubuhi nilikuwa chini ya nyumba naondoa majivu, sauti zikashuka. Tanuri langu linapeleka hewa moto vyumbani kwa mabomba manane mapana, na bomba linalopandisha joto huteremsha maneno. Wanachuo hawajui. Miaka kumi na moja nachochea moto wa Nyumba ya Udugu, wanamoishi ndugu wa chama cha wanachuo Wakatoliki, na miaka kumi na moja nasikia siri zao: nani kaanguka Kilatini, nani anamwandikia dada wa nani, nani kala pai iliyowekwa kwa ajili ya Padri. Jina langu sijawahi kulisikia. Leo nimelisikia.

Bwana Loftus, mwenyekiti wa kamati ya ndugu wa zamani waliokwisha kuhitimu, alikuwa sebuleni na Tierney, kijana aliye kiranja mkuu wa nyumba. Loftus kasema makaa ya mawe ni uchafu wa karne iliyopita. Kasema tanuri la mafuta linajiwasha lenyewe na kujizima lenyewe. Tierney akauliza, na mzee Bela je? Loftus kasema, huyo tutampa mkono wa heri na saa ya mfukoni. Kura itapigwa Siku ya Waasisi, sikukuu ya walioanzisha Udugu, Jumapili ya tarehe ishirini na moja.

Saa ya mfukoni! Ya kutazamia nini, muda wa kufa?

Na barua? Deolinda mke wangu yuko kisiwani kwetu, katikati ya Atlantiki, miaka kumi na minne. Kwanza vita, kisha foleni ya majina ya wahamiaji. Mwaka huu jina letu limefika. Ubalozi unataka kitu kimoja tu kabla ya Krismasi: barua ya mwajiri kwamba Belarmino Furtado ana kazi ya kudumu na mahali pa kulala. Tierney aliniahidi ataiandika, baada ya Siku ya Waasisi.

Siku kumi na tatu.

Bi Exilda, mpishi, Mfaransa wa Kanada, mjane, naye kapata habari kwa njia zake. Mchana kashuka kupima chumba changu kwa hatua. Saba kwa nne. Kasema viazi vyake vitakaa vizuri sana.

Jumatano, 10 Novemba

Kila Jumatano baada ya chakula, wanagenzi hufundishwa historia. Wanagenzi ni wale vijana wa mwaka wa kwanza wanaotaka kuingia Udugu. Lazima waijue historia kwa moyo kabla ya Siku ya Waasisi. Mimi ninaijua kuliko wote. Nimeisikia bombani mara kumi na moja.

Mwaka 1893 vijana watano Wakatoliki walibisha milango ya nyumba zote za udugu za chuo hiki. Quirke, Dolan, Heffernan, Mulcahy, Archambault. Watoto wa wafumaji na wachimba mifereji. Milango yote ikafungwa. Mlango mmoja ulifunguliwa, lakini kwa ajili ya kumtoa mbwa. Basi wakaanzisha Udugu wao, wakaapa mambo mawili: hawatamfungia mlango mtu abishaye kwa nia njema, na hawatadanganyana. Juu ya mlango wakaweka herufi tatu za Kigiriki, moja kama uma wa samaki, moja kama mlango, moja kama yai lililofungwa kamba. Chini yake ngao yenye maneno manne: Imani, Elimu, Udugu, Kweli. Mimi huyapaka rangi kila Agosti. Hilo la Kweli hubanduka kabla ya mengine. Ukuta una unyevu pale.

Leo mwanagenzi mmoja kauliza, mkutano wa kwanza ulifanyika wapi? Tierney kasoma kitabuni: mahali hapajulikani.

Hapajulikani!

Hapo kichwa changu kikawaka!

Aliyeuliza ni Casimir Wojcik, mtoto wa mchinja nyama wa Kipolandi, masikio mekundu, huamini kila anachoambiwa. Yeye ndiye aliyepewa kuandika insha ya historia itakayosomwa siku yenyewe. Huja kukariri hapa chini kwa sababu kuna joto. Akaja. Nikashusha pumzi kwa nguvu. Akauliza kuna nini, mzee Bela. Nikasema hamna kitu. Nikashusha tena.

Mara ya tatu akafunga kitabu.

Nikamwambia nilivyoambiwa na mchochea tanuri aliyenitangulia, naye aliambiwa na aliyemtangulia. Kwamba nyumba hii wakati ule ilikuwa bweni la chuo. Kwamba hapakuwa na mtu wa kuwapa Wakatoliki watano hata banda. Kwamba mchochea tanuri, mtu wa visiwani kwetu, aliwafungulia mlango wa makaa, wakaingia, wakaapa hapa, mbele ya moto huu. Na kiapo kilikuwa na sehemu ya tatu: moto huu hautazimwa wala mchochea wake hatafukuzwa.

Casimir kauliza jina lake. Sikuwa nimeliandaa! Nikasema Silvano. Ni jina la punda wa baba yangu.

Kisha nikamwonyesha kibati cha chuma kwenye mlango wa tanuri. 1889. Hicho ni cha kweli kabisa. Kakigusa kwa vidole viwili kama anagusa msalaba.

(Aliyenitangulia alikuwa Mswidi. Hakuwahi kuniambia neno, hata kwaheri.)

Ijumaa, 12 Novemba

Inakwenda! Inakwenda kuliko nilivyotaka.

Wanachuo wanashuka watatu watatu kulitazama tanuri. Wanavua kofia. Mmoja kafanya ishara ya msalaba. Tierney mwenyewe kashuka na viatu safi, kanishika mkono, kasema hakujua kwamba nyumba ilikuwa na hazina chini ya sakafu. Nikainamisha kichwa kama hazina.

Ndipo akaja Bi Exilda, kisu mkononi, magamba ya samaki hadi kwenye viwiko.

"We Mreno," kasema, "mwaka 1893 visiwa vyenu vilikuwa havijaleta mtu hata mmoja mji huu."

Baba yake alikuwa akipeleka barafu chuoni miaka hiyo. Anawajua wachochea tanuri wote wa wakati ule. Wote walikuwa Wairishi na wote walikuwa walevi. "Silvano! Hilo ni jina la mbuzi."

Kidogo nimsahihishe!

Kasema anakwenda kumwambia Padri. Na kaenda, na aproni yake. Padri Lacasse ndiye padri mlezi wa Udugu, na balaa ni kwamba chuoni anafundisha historia. Kabla ya jua kuchwa nimeletewa kikaratasi: Bwana Furtado, tuonane Jumapili baada ya Misa juu ya jambo dogo la historia.

Sijala samaki. Nimemrudisha jikoni kama alivyokuja.

Jumamosi, 13 Novemba

Nina akili kuliko nilivyodhani.

Nimelala nikifikiri, nimeamka na jibu. Padri ananitaka Jumapili. Basi mimi nimtangulie Jumamosi. Saa tisa alasiri anaungamisha. Neno linaloingia kwenye kiungamio halitoki. Akisikia huko kwamba nimedanganya, amefungwa mdomo mpaka kaburini!

Nimeoga hadi shingo. Nikapanga mstari nyuma ya vikongwe wawili. Nikapiga magoti, nikaanza na vidogo: nimekula soseji Ijumaa mbili, nimemtukana Bi Exilda mara arobaini, thelathini kimoyomoyo. Kisha nikasema, na Baba, nimetunga uongo juu ya mchochea tanuri.

Upande wa pili kiti kikalia.

"Wewe!" kasema polepole. "Umekuja kunifunga mdomo."

Nikasema nimekuja kutubu. Akauliza kama najuta. Nikasema najuta kwamba ilibidi. Kasema hiyo si toba, hiyo ni biashara. Akaniuliza sababu nikamwambia habari ya kura. Kasema maondoleo hanipi, na Komunyo nisiikaribie, mpaka niwaambie vijana ukweli kwa mdomo wangu mwenyewe.

Nikauliza, na wewe, Baba, waweza kuwaambia?

Pumzi ilitoka puani mwake kama tanuri likifunguliwa mlango.

"Unajua kwamba siwezi."

"Najua, Baba. Asante, Baba."

Nimetoka nje, jua lipo, nikanunua chungwa. Nimelila lote nikiwa nimesimama. Halikuwa tamu kama nilivyotazamia.

Jumapili, 14 Novemba

Katika Misa watu wote wamekwenda kupokea Komunyo. Mimi nimebaki kwenye benchi peke yangu kama mwavuli uliosahauliwa. Bi Exilda aligeuka. Macho yake! Alikuwa anahesabu dhambi zangu kwa vidole. Baada ya Misa Padri alinipita karibu kama mtu apitaye karibu na mbwa asiyemjua.

Nimekimbia kurudi, nikasimama chini ya bomba la tatu, la chumba cha kulia. Padri hula nao Jumapili.

Wamekula supu. Wamekula nyama. Kisha Tierney, mbele ya wote, kamwuliza: Padri, wewe ni mtu wa historia, habari ya Silvano inasimama?

Uma ulianguka kwenye sahani. Nilishika bomba kwa mikono miwili, likaniunguza, sikuachia.

Padri kasema: "Juu ya jambo hilo siwezi kusema neno."

Mmoja akauliza kwa nini.

"Wala sababu siwezi kusema."

Bi Exilda kasikika kutoka mlangoni, sauti kama sufuria: "Lakini Baba, si nilikwambia mimi Ijumaa?" Padri kamwambia, mama, uliyoniambia wewe na ninayoyajua mimi siwezi tena kuyatenganisha, tafadhali leta matofaa. Maskini! Mtu mwenye dhamiri ni mtu wa kuhurumiwa.

Ndipo sauti ya Casimir: "Mnaona? Kuna jambo zito."

Kabla hawajamaliza matofaa ya kuoka walikuwa wameshakubaliana kwamba Silvano anachunguzwa Roma ili atangazwe mtakatifu.

Punda wa baba yangu!

Alhamisi, 18 Novemba

Msiba.

Mwasisi mmoja yu hai. Nilijua, lakini nilijua kama mtu ajuavyo kwamba kuna nyangumi. Mzee Bartholomew Quirke, umri miaka themanini na miwili, anakaa mji wa bandarini, mwendo wa saa mbili kwa treni. Miaka ishirini hajakanyaga hapa. Kila mwaka hualikwa, kila mwaka hujibu kwamba magoti yanauma. Safari hii Casimir alitia habari ya Silvano ndani ya mwaliko. Telegramu imekuja leo: Nakuja. Niwekeeni kiti.

Mtu aliyekuwepo! Mtu mwenye macho na kumbukumbu!

Nilimfuata Casimir mbio hadi maktaba, na koleo mkononi, nilisahau kuliacha. Nikamwambia labda tusiharakishe. Nikamwambia yule aliyenisimulia alikuwa mnywaji. Kasema hata Mitume walidhaniwa wamelewa. Nikamwambia huenda jina silo. Kanishika bega, machozi karibu. Kasema, mzee Bela, unyenyekevu wako ndio ushahidi wenyewe.

Insha imeshapigwa chapa. Ina na picha aliyoichora mwenyewe: Silvano kashika koleo, nyuma ya kichwa chake duara la mwanga. Kasema ni mlango wa tanuri. Uso ni wangu mimi, pua na yote.

Bi Exilda leo anaimba jikoni. Kasema atamketisha mzee karibu na mlango wake na kumwuliza mwenyewe. Tena kashuka kupima. Safari hii kwa kamba.

Bado ningeweza kusema kweli. Siku tatu zipo. Nilipanda ngazi hadi mlango wa Tierney, nikainua mkono kubisha. Kisha nikafikiri barua ya ubalozi, nikafikiri Deolinda anavyokwenda posta kila Jumanne kwa miguu. Nikashuka.

Jumamosi, 20 Novemba

Padri kasimama juu ya ngazi zangu robo saa nzima. Hakusema kitu, haruhusiwi. Alikohoa. Alikohoa kwa namna ya kunikumbusha Jehanamu. Nilitia makaa kwa kelele mpaka akaondoka.

Mpango ninao. Wazee wakipata joto husinzia. Kesho nitachochea tangu alfajiri. Bomba la sebuleni nitalifungua lote, mengine nitayaziba kwa magunia. Mzee Quirke ataingia, ataketi, atalala kama mtoto, insha itasomwa, kura itapigwa, treni itamchukua. Mwisho.

Jumapili, 21 Novemba

Niandike upesi kabla sijachanganya mambo.

Kufikia saa nane mchana sebule ilikuwa na joto la jangwa. Nilisikia viti vikisogezwa mbali na tundu la bomba. Nilisikia Loftus akisema, mnaona makaa yalivyo, hayana kipimo! Tanuri linaunguruma upande wangu na mimi natia tu. Kisha fimbo mbili juu ya sakafu: tok, tok. Mzee Quirke.

Joto halikumlaza. Lilimwamsha! Kwake, kasema, binti yake anabania makaa, na hajapata joto kama hili tangu kiangazi. Kavua koti. Kavua na shali. Kaomba divai.

Casimir akasoma. Kasoma vizuri, sitasema uongo. Milango yote iliyofungwa, mbwa, theluji (theluji kaitia yeye), na mlango wa makaa uliofunguka, na mtu wa visiwani, mikono myeusi, moyo mweupe. Nilijikuta namlilia Silvano. Kisha nikasikia viti vyote vikigeuka upande mmoja.

Mzee Quirke kasema: "Nipelekeni nikaone hilo tanuri. Peke yangu."

Tierney na Casimir walimshusha wakamwacha kwenye kitanda changu. Mtu mdogo, nyusi kama brashi. Akatazama tanuri na maua ya karatasi ambayo Casimir kalivisha. Akanitazama mimi. Akatazama picha kwenye insha, kisha mimi tena.

"Silvano ni nani?"

"Punda," nikasema. Sijui lilivyotoka.

Alicheka mpaka nikampiga mgongo asife mikononi mwangu. Kisha kanisimulia. Mjomba wa Dolan alikuwa fundi majeneza. Kwa kuwa hakuna mwenye nyumba mji mzima aliyekubali kuwapangisha Wakatoliki chumba cha mikutano, walikutana nyuma ya karakana yake, vijana watano juu ya majeneza matatu. Harufu ya vanishi ilimpa Mulcahy kizunguzungu. Heffernan alilala ndani ya moja, wakamsahau hadi asubuhi. Kitabuni waliandika hapajulikani kwa sababu ya aibu. Walitaka kuonekana mabwana.

Kisha kauliza kwa nini nimefanya vile. Nikamwambia. Kura, barua, Deolinda, miaka kumi na minne. Sikupamba kitu. Nilikuwa nimechoka.

Kasema, pole, mwanangu. Lakini niliapa nikiwa na miaka ishirini na moja kwamba ndugu zangu sitawadanganya. Nikipanda juu nitasema kweli.

Nikamwambia utaniua.

Kasema, "Huenda. Nipe mkono, ngazi zako ni mbaya."

Nilimpeleka mpaka juu, mimi mwenyewe, nikimshika kiuno. Nimebeba mauti yangu na fimbo zake mbili. Kisha nikarudi bombani.

Akasema yote. Majeneza, vanishi, Heffernan. Hakuna Silvano, hakuna tanuri. Kasema wazi kama mtu asomaye bei dukani.

Nikaanza kutafuta sanduku langu.

Kisha wakacheka! Nyumba nzima! Loftus kasikika juu ya wote: "Mzee Quirke na utani wake!" Mzee kapiga fimbo sakafuni, kasema si utani, tulikaa juu ya majeneza, wajinga nyie! Wakapiga makofi. Padri akapaza sauti, nusu analia: "Msikilizeni! Kwa jina la Mungu, msikilizeni mzee!" Wakanyamaza kwa heshima. Ndipo Casimir akasimama, kasema hata leo mwasisi wetu anapaficha patakatifu pake nyuma ya majeneza, kwa unyenyekevu, na sisi tumwige. Makofi tena. Mmoja akaanza wimbo.

Nilipiga magoti juu ya makaa. Kweli imesemwa mbele ya watu sitini na haijanidhuru! Nani mwingine amewahi kufika hapo?

Ndipo Loftus akaomba kusema.

Kasema moyo wake umeguswa. Kasema mahali kama hapa hapafai kuachwa kwenye majivu na vumbi. Anapendekeza moto uzimwe. Tanuri lisuguliwe, lipakwe rangi nyeusi, lizungushiwe uzio wa shaba, mbele yake iwekwe taa. Tanuri la mafuta litakaa banda la nyuma. Kitanda na "takataka nyingine" viondolewe kabla ya Krismasi.

Casimir wangu, Mungu ambariki, kakataa. Kiapo kinasema moto hautazimwa! Loftus kasema taa nayo ni moto. Na mchochea hatafukuzwa! Tierney kasema, kwa upole kabisa, hatumfukuzi mchochea, tunamheshimu milele. Mchochea ni Silvano.

Casimir kafikiri. Kaona ni sawa.

Mikono yote juu. Kisha wakasimama kuimba wimbo wa Udugu, ule wa mlango uliofungwa mbele ya watano, na sisi hatutaufunga kamwe, beti zote nne.

Bi Exilda kashuka. Alicheka mpaka akaketi juu ya lundo la makaa na aproni nyeupe. Kisha akaacha. Kasema, na viazi vyangu je? Uzio wa shaba! Kanikatia kipande cha pai akaniwekea kitandani.

Saa kumi na moja nikaitwa mlangoni. Teksi inangoja. Mzee Quirke kasimama kizingitini, kofia kichwani, anawaambia wote kwamba waliapa kutomfungia mtu mlango na leo wamemfungia mmoja huku wakiimba. Wakampigia makofi. Kaangalia juu kwenye ngao, kama anatafuta kitu kilichoanguka. Kisha kanigeukia.

"Una sanduku?"

Nikasema ninalo.

Kasema nyumbani kwake kuna tanuri la makaa ambalo halina mtu, kuna chumba nyuma yake chenye dirisha, na barua anajua kuandika. Sharti moja. Chini ya paa lake hakuna Silvano. Nikaapa kwa mama yangu.

Padri alikuwa kando. Nikamwambia, Baba, nimemwambia mzee kweli. Kauliza, na vijana? Mzee kasema, vijana nimewaambia mimi, umeona faida yake. Padri katazama mawingu kitambo. Kisha kasema njoo hapa nyuma ya mlango, dakika mbili. Nimeondolewa dhambi. Nimetoka mwepesi kama gunia tupu.

Sanduku, koleo langu (ni langu, nililinunua), picha ya Deolinda. Nikaondoka.

Alhamisi, 25 Novemba

Sikukuu ya Shukrani, bata mzinga. Nimekula mezani, mkono wa kushoto wa mzee.

Barua imekwenda Jumanne. Nimeitia sanduku la posta kwa mkono wangu, nikasubiri mpaka tarishi akaichukua, nikamfuata hatua chache. Kazi ya kudumu. Chumba chenye dirisha. Deolinda atakuja majira ya kuchipua.

Nimepata nafasi ya kutafakari. Bila Silvano mzee asingekuja. Bila mzee hakuna barua. Kwa hiyo kosa langu halikuwa uongo. Kosa langu lilikuwa kuwaambia watu wengi mno, na watu wenye kamati. Hilo nimelielewa.

Iko shida moja ndogo. Bi Winifred, binti wa mzee, ndiye mwenye funguo za nyumba hii. Mtu mwema, miaka hamsini na kitu, rozari mkononi saa zote. Leo tukila pai kasema makaa yanamchafulia mapazia. Kasema binamu yake katia tanuri la mafuta na haoni hata moshi. Mzee alikuwa anatafuna, hakusikia. Mimi nilisikia. Deolinda ashuke melini aambiwe nini?

Basi baada ya chakula, mzee kalala kitini, Bi Winifred kaniteremshia sahani ya pai ya boga. Nikashusha pumzi. Akauliza kuna nini, Bwana Furtado. Nikasema hamna kitu. Nikashusha tena. Kisha nikamwambia, yeye peke yake, nilichosikia kwa yule mzee anayeleta makaa: kwamba marehemu mama yake alikuwa akishuka hapa kila Ijumaa kusali mbele ya tanuri hili, kwa siri, na hakutaka moto huu ukose mtu.

Silvano sikumtaja. Ahadi ni ahadi.

Kashika kifua. Kauliza, mahali gani hasa? Nikamwonyesha kwa koleo. Kapiga magoti palepale, na gauni lake zuri. Amelia vizuri. Sasa amepanda juu kutafuta mshumaa na utepe wa fundi cherehani, maana anataka kujua kama altare ndogo itaenea chumbani mwangu, pale kilipo kitanda.

Nimemwambia itaenea.